Bondia Alinganishwe na Nafsi Yake

Palipo na wapenzi wa ngumi hapakosi swali hili: kati ya mabingwa wote wa uzito wa juu, nani zaidi? Wazee wetu walirithishana jina la Joe Louis, aliyeushika ubingwa wa dunia tangu 1937 hadi 1949 na kuutetea mara 25. Baba zetu hawakubali jina lolote litangulie la Muhammad Ali. Sisi tuliokuwa watoto katika miaka ya 1980 tulikua tukimsikia Mike Tyson, aliyetwaa mkanda Novemba 1986 akiwa na umri wa miaka 20. Vijana wa leo humtaja Oleksandr Usyk wa Ukraini, ambaye Mei 2024 mjini Riyadh alimshinda Tyson Fury, mtu aliyemzidi kwa kimo na kwa uzito.

Mjadala huo ni mtamu, na sikusudii kuuzima. Hata hivyo, kwa mtu ambaye kazi yake ni kutibu magonjwa ya ubongo na mishipa ya fahamu, una kasoro moja kubwa: hung'ang'ania ulinganisho usiowezekana, ukaacha ulinganisho unaowezekana na ambao ungeweza kuokoa maisha. Usiowezekana ni ule wa bondia wa zama moja na bondia wa zama nyingine. Unaowezekana ni ule wa bondia na nafsi yake mwenyewe: alivyokuwa jana na alivyo leo. Makala haya yanautetea huo wa pili.

Mizani isiyo moja

Tuanze na uzito. Tarehe 4 Julai 1919, Jack Dempsey alipomnyang'anya Jess Willard ubingwa katika mji wa Toledo, Marekani, alikuwa na takriban kilo 85 dhidi ya kilo 111 za mpinzani wake. Rocky Marciano, aliyestaafu mwaka 1956 akiwa ameshinda mapambano yake yote 49, naye alikuwa na kilo zipatazo 85. Joe Louis alipomwangusha Max Schmeling katika raundi ya kwanza mwaka 1938, alikuwa na kilo 90. Leo daraja lililo chini ya uzito wa juu lina kikomo cha takriban kilo 91. Maana yake ni kwamba mabingwa hao watatu, kwa uzito waliokuwa nao siku hizo, wangepangwa katika daraja hilo la chini. Fury, alipomshinda Deontay Wilder Februari 2020, alikuwa na kilo 124 na kimo cha sentimita 206. Jina la daraja limebaki lilelile, lakini waliomo si watu wa umbo moja.

Kanuni nazo zimebadilika. Mwaka 1915 mjini Havana, pambano kati ya Jack Johnson na Willard lilipangwa kuwa la raundi 45, likamalizika katika raundi ya 26. Zama za Ali, pambano la ubingwa lilikuwa la raundi 15. Novemba 1982, Duk Koo Kim wa Korea Kusini, bondia wa uzito mwepesi, aliangushwa katika raundi ya 14 mjini Las Vegas, akafariki siku chache baadaye. Msiba huo ndio uliosababisha raundi kupunguzwa hadi 12, kwanza na shirika moja kubwa la ngumi, kisha na mengine katika miaka iliyofuata. Kule Toledo, Dempsey aliruhusiwa kumsimamia Willard aliyeanguka na kumpiga tena mara tu alipoinuka; Willard alianguka mara saba katika raundi ya kwanza pekee. Leo mwamuzi angemwamuru mpigaji aende kona ya mbali, na yamkini angelisimamisha pambano mapema zaidi.

Katika utafiti wa tiba, makundi yenye tofauti kama hizo huambiwa hayalinganishiki. Mtafiti akitaka kujua kama dawa ya leo inaizidi ya mwaka 1950, hatosheki kuhesabu waliopona huku na kule. Huuliza wagonjwa walikuwa na umri gani, ugonjwa ulikuwa umefika hatua gani, lishe yao ilikuwaje na nani aliyewahudumia. Asipouliza hayo, jibu lake halitakuwa na uzito hata likiandikwa kwa tarakimu nzuri.

Watu wamekwisha kujaribu kulitatua swali hili kwa mashine. Mwaka 1969 mtayarishaji mmoja wa Miami, Murray Woroner, aliwaleta Marciano na Ali mbele ya kamera wakaigiza mapambano, kisha akatangaza kwamba kompyuta ndiyo iliyoamua mshindi. Marciano alikuwa na miaka 45, tena amekwisha kustaafu. Ali alikuwa na miaka 27, akiwa amenyimwa leseni kwa kukataa kwenda vitani. Marciano alifariki katika ajali ya ndege Agosti mwaka huo, kabla filamu haijaonyeshwa. Ilipotoka Januari 1970, watazamaji wa Marekani walimwona Marciano akishinda katika raundi ya 13, ilhali huko Ulaya ulionyeshwa mwisho mwingine ambamo mshindi alikuwa Ali. Swali moja likapata majibu mawili, kila upande ukifurahishwa na lake. Sioni mfano bora zaidi wa kuonyesha kwamba ulinganisho wa namna hii hutuambia zaidi habari za watazamaji kuliko habari za mabondia.

Sifa inayosomwa kinyume

Liko jambo zito zaidi ya mizani na kanuni. Katika kuwapa mabondia alama, washabiki huhesabu nguvu, kasi, ufundi, na sifa ya nne wanayoienzi sana: uwezo wa kupokea ngumi bila kuanguka. Bondia mwenye kidevu kigumu hutukuzwa. Anayeangushwa upesi hudharauliwa. Mimi naisoma sifa hiyo kama mwenye duka anavyolisoma daftari la madeni.

Ubongo ni kiungo laini kinachoelea katika majimaji ndani ya fuvu gumu. Ngumi inapotua kidevuni au kwenye shavu, kichwa huzunguka ghafla, na ubongo huchelewa kidogo kukifuata. Kuchelewa huko huvuta na kupinda nyuzi ndefu za seli za neva. Glavu haizuii mzunguko huo. Huilinda zaidi mifupa ya mkono wa mpigaji kuliko ubongo wa mpigwaji, hivyo humwezesha apige kichwa mara nyingi bila kuvunjika vidole. Kofia ya kujikinga nayo hupunguza michubuko ya ngozi, lakini haiuzuii ubongo kutikisika. Mtikisiko mmoja mkubwa unaweza kumpotezea mtu fahamu. Mitikisiko midogo isiyomwangusha haionekani na mwamuzi wala haiandikwi popote, lakini hujumlishwa. Baada ya miaka mingi, kwa baadhi ya watu, protini iitwayo tau huanza kujikusanya kwa namna isiyo ya kawaida ndani ya ubongo, na seli hufa kidogo kidogo.

Haya hayakugunduliwa jana. Mwaka 1928 daktari wa patholojia wa New Jersey, Harrison Martland, alichapisha maelezo ya mabondia waliotembea na kuzungumza kama walevi ilhali hawakunywa pombe. Kwa lugha ya ulingoni, walikuwa wamelewa ngumi. Mwaka 1969 daktari A. H. Roberts alitoa matokeo ya kuwapima mabondia wastaafu 224 wa Uingereza waliochaguliwa kwa bahati nasibu kutoka katika rejesta. Asilimia 17 kati yao walikuwa na dalili za ubongo uliodhuriwa, na waliopigana mara nyingi na kwa miaka mingi ndio walioathirika zaidi. Mwaka 1973 Corsellis na wenzake waliueleza kwa kina uharibifu walioukuta katika ubongo wa mabondia 15 waliokwisha kufariki.

Kwa hiyo, bondia anayeweza kusimama raundi 15 huku akipigwa ndiye anayemaliza usiku akiwa na mapigo mengi zaidi kichwani. Jerry Quarry, aliyepambana na Ali mara mbili na Joe Frazier mara mbili, alipendwa kwa ushupavu wa namna hiyo. Mwaka 1992, akiwa na miaka 47 na afya yake ya akili ikiwa imekwisha kudhoofika, alipanda tena ulingoni katika jimbo la Colorado, ambalo wakati huo halikuwa na kamisheni ya kumzuia. Alifariki Januari 1999, akiwa na miaka 53, baada ya kufikia hali ya kuvishwa na kulishwa na ndugu zake. Floyd Patterson, aliyekuwa bingwa wa dunia mara mbili, alijiuzulu uenyekiti wa kamisheni ya ngumi ya New York mwaka 1998 ilipodhihirika kwamba hakuweza kukumbuka mambo ya msingi ya maisha yake.

Kwa upande mwingine, Gene Tunney alimshinda Dempsey mara mbili, akaacha ngumi mwaka 1928, mwaka uleule wa chapisho la Martland, akiwa bado bingwa. Baadaye aliandika kwamba pigo alilopata mazoezini lilimpotezea kumbukumbu kwa muda, na kwamba tukio hilo ndilo lililomfanya aamue kuondoka. Aliishi hadi 1978. Lennox Lewis, aliyebezwa kwa kuangushwa mwaka 1994 na mwaka 2001, aliaga mwaka 2004 akiwa bingwa, baada ya mapambano 44. Katika mijadala ya nani zaidi, Tunney na Lewis ni nadra kutajwa mwanzoni. Katika daftari langu wako juu kabisa, kwa kuwa walijua siku ya kushuka.

Nisieleweke kwamba kila mwenye mapambano mengi ataharibikiwa, wala kwamba kuangushwa ni salama. George Foreman alipigana mara 81, akautwaa tena ubingwa Novemba 1994 akiwa na miaka 45, na aliendelea kuhubiri na kuzungumza kwa ufasaha hadi uzeeni. Alifariki Machi 2025 akiwa na miaka 76. Alikuwa amepumzika miaka 10 katikati, na huenda pia maumbile yalimsaidia. Utafiti mdogo wa mwaka 1997 kwa mabondia 30 ulionyesha kwamba miongoni mwa waliopigana sana, wenye aina fulani ya jeni ya APOE walikuwa na madhara makubwa zaidi. Hatuwezi kumtazama kijana wa miaka 19 usoni tukatambua kama yeye ni Foreman au ni Quarry. Tunachoweza ni kumpima leo, tukahifadhi majibu, tukampima tena mwakani.

Ali dhidi ya Ali

Ushahidi wa hoja hii umo katika maisha ya bondia mashuhuri kuliko wote. Oktoba 30, 1974, mjini Kinshasa, Ali aliegemea kamba akamwacha Foreman ampige hadi achoke, kisha akamwangusha katika raundi ya nane. Ulimwengu ulisifu werevu huo, na ulistahili sifa. Mwaka uliofuata alipambana na Frazier raundi 14 karibu na Manila. Septemba 1977 alikwenda raundi 15 na Earnie Shavers, mmoja wa wapigaji wazito wa zama zake, na baada ya pambano hilo daktari wake wa siku nyingi, Ferdie Pacheco, akajitoa kambini kwa kuwa ushauri wake wa kustaafu haukusikilizwa.

Februari 1980 wakazi wa Dar es Salaam na Nairobi walimwona Ali kwa macho yao, alipokuja kama mjumbe wa Rais Carter kuhimiza nchi za Afrika zisusie Olimpiki ya Moscow. Miezi michache baadaye alitaka kupigana tena, akapimwa katika kliniki ya Mayo. Taarifa ya vipimo ilitaja kwamba hakurukaruka kwa mguu mmoja kwa wepesi uliotarajiwa, na kwamba alipotakiwa kugusa pua kwa kidole alikosea kidogo shabaha. Hata hivyo, hayo hayakuonekana kuwa sababu ya kumzuia, akapewa leseni. Oktoba 2, 1980, akiwa na miaka 38, Larry Holmes alimpiga raundi 10 hadi kona yake ikaomba pambano lisimamishwe. Alipigana mara moja zaidi, Desemba 1981. Mwaka 1984 aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa Parkinson, akaishi nao hadi alipofariki Juni 2016.

Ni kwa kiasi gani ngumi ndizo zilizoleta ugonjwa ule, wataalamu wanabishana hadi leo. Parkinson huwapata pia watu ambao hawajapigwa hata kofi. Nakaa katika lile lililopimika. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona walizipitia rekodi za mahojiano yake ya televisheni. Walikuta kwamba kati ya 1968 na 1981 kasi ya usemi wake ilipungua kwa takriban robo. Kwa maneno mengine, badiliko lilikuwa likisikika miaka kadhaa kabla ugonjwa haujapewa jina.

Hapo ndipo penye somo. Ukimlinganisha Ali wa 1980 na mtu wa kawaida wa miaka 38, unamwona mzima: kukosea pua kidogo si ajabu, kuruka kwa uzito si ugonjwa. Ukimlinganisha na Ali wa 1966, ambaye miguu yake ndiyo iliyomfanya Ali, dalili inajianika yenyewe. Kosa halikuwa katika vipimo. Lilikuwa katika kuchagua wa kulinganishwa naye.

Yatupasayo sisi

Afrika Mashariki ina sehemu yake katika hesabu hii. Robert Wangila wa Kenya, aliyeshinda dhahabu ya Olimpiki mjini Seoul mwaka 1988, alifariki Julai 1994 kutokana na majeraha ya ubongo aliyoyapata katika pambano mjini Las Vegas. Hakuwa wa uzito wa juu. Ubongo hauna daraja la uzito. Katika miji yetu leo vijana wengi wanatafuta riziki ulingoni, na karibu kila mmoja hupitia kwa mhudumu wa afya kuomba cheti. Kwa wenzangu wanaotia sahihi vyeti hivyo nina maombi manne.

Kwanza, usipime shinikizo la damu na mapigo ya moyo peke yake. Muulize amepigana mara ngapi, ameangushwa mara ngapi, na hasa hufanya mazoezi ya kupigana na wenzake raundi ngapi kwa wiki, maana ngumi za mazoezini ni nyingi kuliko za mashindano na hazina mwamuzi. Mtembeze kwa mstari, kisigino mbele ya vidole. Msimamishe kwa mguu mmoja. Mtake aguse pua, kisha kidole chako. Mpe maneno matano ayarudie baada ya dakika tano. Mrekodi akizungumza dakika moja kwa simu, kwa ridhaa yake. Hayo yote hayahitaji mashine.

Pili, hifadhi majibu hayo na umpe bondia nakala. Mwakani, mhudumu mwingine awe na kitu cha kulinganishia. Cheti kisicho na kumbukumbu za nyuma kinathibitisha tu kwamba siku ile mtu alikuwa amesimama.

Tatu, bondia aliyepoteza fahamu, au aliyechanganyikiwa hata bila kuanguka, asirudi ulingoni siku hiyo wala asifanye mazoezi ya kupigana hadi dalili zote ziishe na daktari amruhusu. Asilale peke yake usiku wa kwanza. Asipewe aspirini wala diklofenaki kwa maumivu ya kichwa, kwa kuwa zinaweza kuongeza hatari ya kuvuja damu; parasetamoli inatosha. Kichwa kikizidi kuuma, akitapika tena na tena, akisinzia kupita kawaida, akipata degedege, mboni ya jicho moja ikiwa kubwa kuliko nyingine, au upande mmoja wa mwili ukilegea, ni dharura: apelekwe bila kuchelewa kwenye hospitali yenye kipimo cha CT na uwezo wa upasuaji wa ubongo. Damu iliyovilia ndani ya fuvu haingoji asubuhi.

Nne, bondia mstaafu akiletwa kwa kusahau, hasira au mwendo wa kuyumba, usimwandike haraka kuwa amelewa ngumi ukafunga faili. Damu iliyovilia polepole juu ya ubongo hutibika kwa upasuaji. Tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, upungufu wa vitamini B12, kaswende, maambukizi ya VVU, sonona na ulevi navyo huweza kuleta sura hiyo, na vyote vina tiba. Madhara ya ngumi zenyewe hayana dawa ya kuyafuta. Ndiyo sababu yasibebeshwe lawama ya maradhi yanayotibika.

Kwa mabondia na jamaa zao, nasema hivi. Wa kwanza kuona badiliko si daktari wala kocha. Ni mke, mama au ndugu anayeishi naye, anayesema, "Siku hizi amebadilika." Kauli hiyo ni kipimo kamili cha bondia dhidi ya nafsi yake, na mhudumu wa afya anayeipuuza ameitupa taarifa bora kuliko zote alizonazo. Mjeni nayo hospitali, hata kama mwenyewe anakana. Joe Louis alirudi ulingoni mwaka 1950 akisukumwa na deni la kodi, na Oktoba 1951 Marciano akamwangusha. Naelewa kwamba wengi hawaendelei kwa kupenda sifa bali kwa kukosa njia nyingine ya kulisha nyumba. Kwa hiyo mapromota na kamisheni wanaonufaika na mapambano wana wajibu wa kugharamia vipimo na bima. Haifai mzigo huo uachiwe kijana anayelipwa kidogo kuliko gharama ya picha moja ya kichwa.

Tuendelee basi kubishana juu ya Louis, Ali, Tyson na Usyk, maana ubishi huo ni sehemu ya raha ya mchezo. Ila tunapotoa alama, tuongeze safu moja ambayo hadi sasa haimo: je, miaka 20 baada ya kengele ya mwisho, mtu huyo aliweza kuvaa shati lake mwenyewe, kuwataja wanawe kwa majina na kusimulia pambano lake kubwa? Safu hiyo haihitaji kompyuta ya Miami. Inahitaji mtu wa kuipima mapema, na mtu huyo ni mhudumu wa afya anayeombwa cheti.